Pesa ya Mchangani Ninayo, Lakini Nakwenda Mitumbani

Walimu wenzangu wana swali ambalo huniuliza nusu mzaha, nusu kutaka kujua kweli: "Mwalimu, na wewe mshahara umekushinda?" Huniuliza wakinikuta natoka soko la Mwanakwerekwe, hapa Unguja, na kikapu, mchicha juu, nguo chini. Mchicha wenyewe haudanganyi mtu. Sote tunaufanya ujanja ule ule, na sote tunajua chini ya fungu la mchicha mna shati la mtu wa Ulaya. Nami huwajibu kwamba mshahara unatosha shati jipya la madukani Mchangani na nauli ya kurudia. Hawaniamini hata siku moja.

Dhana iliyopo ni kwamba mitumba ni nguo za asiye nacho. Ingekuwa hivyo, jambo lingekuwa rahisi: ukipata pesa unaacha. Lakini mie nimeona watu wakipata pesa na wasiache. Nimeona na wasio na pesa wakipita mbele ya rundo la mitumba bila kugeuza shingo, wakaenda kununua gauni jipya kwa mkopo wa duka. Tena bei si hoja kama watu wanavyodhani. Mchangani kumejaa nguo mpya zilizotoka China na Dubai, na shati la mtoto utalipata kwa bei ile ile ya mtumba mzuri, pengine chini yake. Linang'aa, limekunjwa kwenye karatasi, lina pini sita. Lifue mara chache uone. Kola inajikunja, mshono wa kwapani unafumuka, na kile kitambaa ulichodhani pamba kinamtoa mtoto vipele mgongoni.

Kijana ninayenunua kwake pale Kwerekwe aliwahi kuniambia maneno ambayo sijapata kuyasikia kwa mwenye duka yeyote. Nilikuwa nimeshika shati la kiume la pamba nzito, namwambia limeshavaliwa, anipunguzie. Akanijibu, "Ndiyo uzuri wake huo, Mwalimu. Jipya linakuahidi tu. Hili limeshatoa ushahidi." Nikacheka, nikalipa, na njia nzima nikawa nalifikiri jibu lake. Kweli, kama lingechuja, lingeshachuja. Kama lingerudi likawa la mtoto, lingesharudi huko huko lilikofuliwa mara ya kwanza. Lililobaki mbele yangu ni lile lililoshinda mitihani yote hiyo. Mwalimu hawezi kuipinga hoja kama hiyo.

Mie ni mzaliwa wa Wete, Pemba, mwishoni mwa miaka ya 1970, na nguo kwetu haikuwa kitu cha kuchagua. Kitambaa kilikuwa kitu cha foleni. Waliokuwa wakubwa wakati ule wanajua: unapanga foleni bila kujua mbele wanauza nini, unafika unaambiwa kimekwisha. Mwaka 1984 biashara ikaanza kufunguliwa. Mwaka uliofuata Mzee Ali Hassan Mwinyi akatoka kuwa Rais wa Zanzibar akawa Rais wa Muungano, na watu wakaja kumwita Mzee Ruksa. Ruksa yenyewe sisi watoto tuliiona kwa robota za mitumba. Ghafla madukani na njiani kukawa na nguo, tena za rangi ambazo hatukuwa na majina yake.

Bibi yangu hakuzitaka. Kwake yeye zile zilikuwa nguo za maiti wa Ulaya, na hakuwa peke yake, wazee wengi walisema hivyo. Mzungu gani mwenye akili atavua koti zima akalitupa, kama si kufa? Mama hakubishana naye. Alikuwa akizitia kwenye sufuria kubwa la shughuli, lile la kuazimishana mtaa mzima, akazichemsha, akazianika siku mbili juani, kisha bibi akazifukiza ubani kwa mkono wake mwenyewe huku akisoma. Baada ya hapo zikawa nguo za nyumba.

Aliyezitia heshima hasa ni karafuu. Ukipanda mkarafuu na fulana nyepesi, wale chungu wakali tuwaitao maji moto watakula shingo na mbavu mpaka uteremke bila pishi. Wachumaji walikuwa wakizitafuta suruali za jinzi na mashati mazito ya mikono mirefu, yale ambayo huko yalikotoka mtu alikuwa akitengenezea gari. Dukani hukuwa ukilipata shati la namna hiyo. Baba alikuwa na moja la buluu alilolivaa misimu kadhaa ya vuno, na baada ya kuuza karafuu ZSTC, shirika la serikali linalozinunua, alikuwa na pesa za kununua jipya, akatununulia sisi, yeye akabaki na lake. Mama akimwambia alitupe, anamjibu, "Nitalitupa likinitupa."

Sasa hili la maiti wa Ulaya nilikuja kulielewa vizuri kupitia dada yangu, ambaye anaishi Uingereza miaka mingi. Yeye, mwenye kazi yake na nyumba yake, hununua nguo zilizovaliwa. Huko kuna maduka ya hisani katika kila mji: watu huleta nguo wasizozitaka, duka linaziuza, pesa inakwenda kwenye shughuli za kusaidia. Oxfam walifungua la kwao la mwanzo Broad Street, mjini Oxford, mwishoni mwa miaka ya 1940. Marekani Goodwill, shirika la namna hiyo hiyo, ilianza Boston tangu 1902. Nilimuuliza dada kwenye simu, "Wewe shida gani?" Akaniambia anapata koti la sufu halisi kwa bei ya koti la plastiki, na kwamba wanafunzi, wazee na wenye magari mazuri wote wanakutana mlango mmoja. Tena hawafichi. Mtu akisifiwa gauni lake anajibu papo hapo alilipata duka la hisani kwa pauni nne, anajifaharisha kabisa. Nikamwambia huku kwetu tunatia mchicha juu.

Hazimaliziki kuuzwa kule. Watu wanaleta nyingi kuliko wanunuzi, basi zilizobaki huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara, zikachambuliwa kwa madaraja, zikabanwa kwa mashine zikawa robota, aghalabu la kilo 45, zikatiwa kwenye makontena. Na hapo ndipo tunapokutana nazo sisi. Mzungu hakufa, amechoka na rangi tu. Dada ana hoja nyingine ambayo vijana wa huko huitia mbele kuliko bei: maji. WWF, wale wa kuhifadhi mazingira, wamekuwa wakitaja lita 2,700 kuwa ndiyo maji yanayokwenda katika kutengeneza fulana moja ya pamba, tangu shambani. Hesabu kama hiyo kwa mtu wa Ulaya pengine ni namba tu. Mie nilipoigawa kwa dumu la lita 20 ikatoka madumu 135, na nimeishi mitaa ambayo mfereji hutoa maji saa nane za usiku, najua madumu 135 ni mgongo wa nani. Hata hivyo sitasema uongo kwamba nakwenda Kwerekwe kwa ajili ya maji ya dunia. Nakwenda kwa sababu ya mkono.

Mkono ndio elimu yenyewe, na hakuna skuli yake. Aliyenifunza ni bi mkubwa mmoja mchuuzi aliyekuwa akiuza nguo za watoto Darajani, nami nilikuwa mwalimu mpya mwenye mtoto mchanga. Aliniona nachagua kwa macho, akaniambia niache, macho yanadanganywa na rangi. Nipitishe kiganja kwanza. Pamba na kitani vina ubaridi wake, kiganja kinatulia. Poliesta inateleza na ina ujoto, na nguo ya aina hiyo katika joto la kaskazi ni adhabu. Mkono ukikubali ndipo macho yanaitwa, nayo yana kazi zake: kola kwa ndani, kwapani, baina ya mapaja, magotini, na kwenye pindo la mkono ambako nguo huanza kuchakaa mapema kuliko kwengine. Kisha inyanyue juu ulitazame jua kupitia kwake. Nguo iliyochoka haiwezi kulificha jua.

Zipu uipandishe na uiteremshe, usione haya, muuzaji akinuna mwache anune. Tafuta kifungo cha akiba kilichoshonwa kwa ndani karibu na lebo, maana aliyekumbuka kifungo cha akiba hakuiba katika mshono. Bitana ya jaketi uivute kidogo usikie kama uzi unalia. Viatu uvikunje. Viko vilivyokaa sana kwenye mabohari, soli yake nzima kwa macho, ukitembea navyo wiki moja inamumunyuka ukabaki na ngozi ya juu tu.

Na kipimo? Mwanamke mwenye buibui hawezi kujaribu suruali katikati ya soko. Bi mkubwa alinionesha: kiuno cha suruali kizungushe shingoni, ncha zikikutana nyuma bila kukukaba, itakutosha. Ya mume ambaye hayupo, unaijua kwa kigasha chake ukishakikariri: kutoka kisuguduni mpaka ngumi, kitie ndani ya kiuno cha suruali iliyofungwa. Namba za lebo nimeacha kuzisoma. M ya Marekani inaingia watu wawili, L ya Korea haimtoshi binti yangu wa darasa la saba.

Siku ya kufunguliwa robota ndiyo siku ya vita. Waya zinakatwa, nguo zinafutuka, na wenye maduka yao wameshasimama pale, wanachukua bora za kutundika. Zinazobaki zinamwagwa chini kwenye turubai na kelele zinaanza, buku buku, chagua chagua. Mie siwezi tena kusukumana. Kijana wangu huniwekea. Anajua nataka nini: mashati ya mikono mirefu, sketi ndefu zenye bitana, kanzu za watoto zikitokea. Bei tunavutana kwa adabu.

"Elfu tano hiyo, Mwalimu."

"Elfu tatu. Kifungo kimoja hakipo."

"Kifungo unacho nyumbani."

"Uzi huo utanilipia nani?"

"Haya, tatu na nusu, na unisomeshee mdogo wangu."

Mdogo wake yuko kidato cha pili kwetu, na namsomesha kweli, lakini hilo silitii kwenye bei.

Tohara, yaani usafi wa nguo ya kusalia, ndilo jambo ambalo watu wa kwetu hulifikiri kabla ya bei na kabla ya mtindo. Utasali na nguo ambayo hujui ilimgusa nani, au mbwa gani aliilalia? Nilimuuliza ustadh wa chuo cha watoto wangu. Akanijibu bila kunizungusha kwamba asili ya vitu ni tohara mpaka ujue najisi, na ukiifua basi hata wasiwasi umeondoka. Ila akaniongezea angalizo, nami nalishika: tazama kilichoandikwa. Alikuwa na kijana mmoja anakuja kusoma Kurani na fulana yenye picha ya chupa na maneno ya Kiingereza mgongoni, mtoto hana habari, mama yake hana habari, na ile ilikuwa ni tangazo la bia. Tangu hapo kila fulana naisoma mbele na nyuma. Nyingine zinachekesha. Nimeona kijana wa daladala kavaa fulana ya kukumbuka ukoo wa watu fulani waliokutana Ohio kula nyama choma, na majina yao yote yameorodheshwa.

Ile harufu ya mitumba inayokirihisha watu haitoki kwa aliyevaa, ni ya bohari na dawa na safari. Siki kidogo kwenye maji ya kwanza, sabuni kwenye ya pili, jua kali. Doa la kutu lataka ndimu na chumvi, uliache juani. Mwisho chetezo. Nguo ikifunikwa juu ya udi jioni, asubuhi hakuna pua itakayojua ilitoka bandari gani. Wifi yangu, ambaye mitumba haitaki hata kuitaja, aliwahi kunisifu sketi kwenye maulidi akauliza kama niliagizia Muscat. Nikamwambia ilitoka mbali.

Na hapo pana sababu ambayo wanawake hatuisemi sana. Hatupendi kufanana, ila pale tulipokubaliana sare. Ikaribiapo Sikukuu, Darajani na Mchangani hazipitiki usiku, na kontena moja likiteremsha gauni la namna moja, utaliona Mnazi Mmoja siku ya Iddi mosi kwa watoto wa kila mtaa, rangi tatu tofauti. Mtumba uko mmoja. Uliokuwa nao wewe hana mwengine. Wazee wanasisitiza Sikukuu ni nguo mpya, na mie watoto wangu nawanunulia mpya angalau ya siku ya mwanzo, kwa sababu mtoto ana haki ya kuvunja karatasi na kunusa. Lakini Iddi ni siku nne kwetu, na siku ya pili na ya tatu zina nguo zake.

Ukitaka kuona ni nani mnunuzi, ondoka mjini. Kinamama wa mwani kule Paje na Jambiani wanataka suruali za kubana na fulana za mikono mirefu, za kuvaliwa chini ya kanga, kwa sababu wanashinda majini na jua la utosi na chumvi haina huruma na nguo mpya. Wavuvi wa dagaa wanataka sweta na makoti ya mvua kwa usiku. Yale makoti ya baridi kali, ambayo mtu hujiuliza nani atayavaa Unguja, wateja wake wapo: walinzi wa usiku, vijana wa bodaboda asubuhi za kipupwe, na wanafunzi wanaokwenda kusoma Uturuki na China. Vijana wanaopata kazi hotelini huambiwa waje na suruali nyeusi na viatu vyeusi kabla ya mshahara wa kwanza. Watavipata wapi? Huyu wa hotelini kweli ananunua kwa sababu hana. Sitaki ionekane kwamba nakanusha. Wapo wengi ambao bila mtumba watoto wao wangekaa uchi, na bei ikipanda mia tano wanairudisha nguo chini.

Mume wangu, anayefuatilia siasa kuliko mimi, huniambia tunaua viwanda vyetu. Hunitajia Urafiki, kile kiwanda cha Dar es Salaam kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, ambacho kitenge chake mama alikuwa akikihifadhi sandukuni na karafuu. Hunitajia pia wakuu wa nchi za Afrika Mashariki, walivyokubaliana mwaka 2016 mitumba iondoke ifikapo 2019, Marekani ikatishia kuziondolea nchi hizi nafuu ya kuuza bidhaa kwao chini ya AGOA, sheria yao ya biashara na Afrika, wengine wakarudi nyuma, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Kwa heshima ya Rwanda mie navua kofia. Lakini namwambia mume wangu aende Mchangani atazame kitakachojaza pengo siku mitumba ikizuiwa. Hakitakuwa kitenge cha Urafiki. Itakuwa ile ile yenye pini sita.

Yaliyo mabaya yapo na siyatetei. Si kila robota lina neema. Mchuuzi hununua limefungwa, halioni ndani, na akifungua akakuta matambara, hasara ni yake na tambara ni letu, linakwenda jaani Kibele au linachomwa nyuma ya nyumba na moshi wake mweusi. Nguo za ndani sinunui, na Tanzania Bara walizipiga marufuku. Soksi na kofia pia sinunui, hizo ni zangu tu.

Fundi charahani wa mtaani kwetu ndiye mwenye haki ya kulalamika, na ndiye asiyelalamika. Zamani alikuwa akishona gauni za harusi, siku hizi kazi yake kubwa ni kupunguza viuno na kufupisha suruali za watu warefu wa huko. Ananiambia kushona ni miadi na ugomvi, kupunguza ni kazi ya robo saa na mtu analipa papo hapo. Ila mwanawe hakumfunza ushoni. Hilo analisema taratibu, na hulisema bila kuulizwa.

Binti yangu mkubwa naye ameanza biashara. Anafua, anapiga pasi, anatundika kwenye mlango wa Kizanzibari wa jirani, anapiga picha, anatia kwenye simu. Shati la elfu tatu linaondoka kwa kumi na mbili, na wanaonunua ni watoto wa watu wenye kazi nzuri, wengine wako Dar wanaletewa kwa boti. Nikamuuliza watu hao wananunuaje nguo ambayo hawajaigusa kwa mkono. Akaniambia, "Si wewe umeishaigusa, mama? Nimewaandikia kabisa kwamba anayechagua ni mama." Basi kuanzia wiki ijayo nauli ya Kwerekwe atanilipa yeye, na chai juu yake.